Plagi ya Nane

Achieng mwanangu,

Umelala, au unajifanya umelala, na nguo ulizozitoa kwenye mfuko wako wa safari jioni ya Jumamosi bado ziko juu ya kiti. Sijazigusa. Ningezirudisha mwenyewe ungesema baba anakufukuza. Kwa hiyo nimekaa upande huu wa pazia ninakuandikia, maana kila nikianza kusema unaniambia, "Baba, hiyo maneno tulimaliza," kisha unachukua mtungi unaenda kuteka maji hata siku ambayo maji yapo.

Hatujamaliza. Basi la Kericho linatoka kesho asubuhi. Kule kwenye karakana ya shamba la chai wanakutarajia kesho kutwa, na yule mzee aliyekuombea nafasi alisema wazi kwamba usipofika siku hiyo watamchukua mwingine. Mwaka mzima umeitamani kazi hiyo. Ulikuwa unaitaja hata unapokoroga uji. Kisha Jumamosi ukanikuta nimekwama ndani ya gari la Mzee Gitau, na tulipofika nyumbani ukasema: "Siendi."

Nataka kukueleza ulichokiona siku ile, kwa sababu uliona mkono tu.

Mambo ya sweta, ya maji ya kuchemsha, ya kutokopesha watu vyombo, hayo unayajua kuliko mimi. Tangu mama yako atuache wewe ndiye unayenikumbusha. Mimi najua injini, na hata hizo sizijui zote. Huko unakokwenda ni matrekta na malori matupu, dizeli tupu, hutaiona plagi ya kuwashia petroli labda kwenye pikipiki ya meneja. Ninacheka kidogo nikifikiria hilo. Miaka yako yote ya utoto ilipita kwenye plagi moja, na sasa unakwenda mahali ambapo hazipo.

Ile moja ni ya nane. Unazijua gari hizo kubwa za zamani za Kiingereza kama hilo la Mzee Gitau, silinda nne huku na nne kule. Plagi saba unazifikia bila kutukana mtu. Ya nane iko nyuma kabisa upande wa dereva, chini ya bomba la ekzosi. Mbele yake umepita mhimili wa usukani, na juu yake kuna kipande cha bati cha kukinga joto. Huioni. Unaipapasa tu, kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kitanda.

Pale kwenye uwanja wetu wa kazi Kawangware hakuna fundi asiyejua plagi ya nane hufanywa nini. Huachwa. Unabadilisha saba, unafuta mikono, unamwambia mwenye gari zote ni mpya. Gari linanguruma vizuri kwa muda, kisha linaanza kukohoa likipanda mlima, na mwenye gari anaambiwa petroli ya siku hizi ni chafu.

Mimi nilipokuwa kijana sikuiacha. Nilifanya vibaya zaidi. Nilikuwa nafanya kazi Industrial Area kwa fundi mmoja Mhindi, mtu wa maneno machache, na jioni moja nikapewa gari kama hilo. Siku hiyo mama yako alikuwa anakuja Nairobi kwa mara ya kwanza. Basi lake lilikuwa limekwisha kufika na mimi nimeinama kwenye boneti. Kichwa cha injini hiyo ni aluminiamu, na aluminiamu ikiwa moto hailegezi kitu. Unatakiwa kungoja ipoe. Sikungoja. Niliweka spana, nikavuta kwa nguvu zangu zote, na plagi ikatoka na meno ya tundu lake yamejiviringisha juu yake, yanang'aa kama karatasi ya peremende. Tundu likabaki laini kama koo.

Fundi aliichukua plagi ile akaitazama, akaitazama na saa ya ukutani, akaniambia, "Ulitaka kwenda nyumbani haraka. Sasa hakuna mtu anakwenda."

Nilipofika kituo cha basi mama yako alikuwa amekalia mzigo wake, miguu ameikunja, amezungukwa na makuli waliokuwa wamechoka kumsumbua. Aliniangalia mikono iliyojaa oili, akaangalia uso, akauliza, "Wewe ndiye Ouma, au Ouma amekutuma?" Mara nyingi nimefikiria kwamba maisha yetu yote yalikuwa hivyo. Mimi nilikuwa mahali fulani nimeinama, na yeye alikuwa amekaa juu ya mzigo, ananingoja bila kelele.

Ni fundi huyo aliyenifundisha kutumia kile kipande cha mpira wa kupitishia petroli. Unakijua vizuri kuliko mtu yeyote. Unachomeka plagi kwenye ncha ya mpira, unaishusha mpaka tundu lake, unazungusha mpira kwa vidole. Ikikaa sawa inaingia yenyewe. Ikikaa upande, mpira unateleza, kwa sababu mpira hauna nguvu ya kuharibu kitu. Unarudisha nyuma kidogo, unatafuta tena. Spana inakuja mwisho, kwa robo ya mzunguko tu. Nilikuonyesha mara moja, ukiwa darasa la nne, umesimama juu ya kreti ya soda na sare ya shule. Uliingiza mkono wote mpaka begani, ukafumba macho, ukasema, "Nimeisikia, baba." Ukaitoa ya zamani, ukaweka mpya, na mkono wako haukuwa na hata mchubuko.

Nilijivuna sana. Niliwaita watu waje waone.

Mama yako hakuja kuona. Jioni alikusugua kiwiko kwa mafuta ya taa na sabuni ya kipande, akaniambia bila kugeuka, "Mkono wa mtoto si spana, Baba Achieng." Nilimwambia anapenda mwenyewe, ni mchezo kwake. Ilikuwa kweli ulipenda. Lakini mwaka uliofuata wateja wenye magari hayo walikuwa wamekwisha kujua. Mtu akileta gari la silinda nane katikati ya muhula, Kamau wa kunyoosha bodi anamjibu akiwa bado ameshika nyundo yake: "Hiyo ngoja shule zifungwe." Na walingoja kweli. Magari yalikuja na likizo kama mafua. Wenzako wakienda kwa nyanya zao wewe ulikuwa Kawangware na mkono ndani ya ekzosi ya mtu.

Sikuandikii haya ili unisamehe. Nakuandikia ili ujue nilipoanza kuamini kwamba plagi ya nane haiwezekani bila wewe. Nimeiamini mpaka leo asubuhi. Wewe pia umeiamini, ndiyo maana tuko hapa.

Sasa nikuambie habari ya pete, ambayo hatujawahi kuizungumza.

Unakumbuka harusi yetu ya kanisani. Wachache sana wanaweza kusema wanakumbuka harusi ya wazazi wao, lakini wewe ulikuwepo, na viatu vyeupe vya kuazima, na ulilia kwa sababu vilikubana. Tulikuwa wanandoa wengi siku hiyo, wote watu wazima, wote wenye watoto, mchungaji akitupanga kwa mstari kama watu wanaongoja chanjo. Pete zetu hazikutoka dukani. Nilimpelekea fundi wa kukereza vyuma, jirani yetu pale uwanjani, kipande cha shafti ya pampu, stenlesi halisi, akazikata mbili humo humo. Mama yako aliipenda yake kwa sababu haikupata kutu hata akifua kutwa nzima.

Fundi hafanyi kazi na pete. Inaweza kugusa betri na bodi ya gari pamoja, kidole kikaungua mpaka mfupa. Inaweza kunasa. Kwa hiyo kila asubuhi, pale mlangoni, mama yako alinyoosha kiganja, nami nikampa mkono, akaivua mwenyewe akaivaa kwenye kidole gumba chake. Siku nzima alikaa nayo, akipika, akiuza omena, akisuka nywele. Jioni nikirudi, kabla ya salamu, alinirudishia. Sijawahi kuivua mwenyewe hata mara moja. Ukiniuliza kama nilijua inavyovuliwa ningesema najua, ni pete tu.

Tuliporudi kutoka kumzika, asubuhi ya kwanza ya kazi nilisimama mlangoni. Wewe ulikuwa unafagia. Nilinyoosha mkono kidogo, hukuona, nami nikaurudisha mfukoni, nikaenda kazini na pete. Na kesho yake hivyo hivyo. Kamau aliiona siku ya kwanza akanyamaza, na wewe unajua Kamau kunyamaza ni kazi kubwa kwake.

Basi Jumamosi asubuhi Mzee Gitau alileta gari kutoka mtaa wa Satellite. Binti yake anaolewa Jumamosi inayokuja, na alitaka limfikishe kanisani bila kukohoa. Nilifungua mdomo kusema Achieng atakuja, nikakumbuka kwamba unasafiri, itanibidi kuzoea bila wewe. Nikamwambia, "Nitaifanya mwenyewe."

Kamau alisimamisha nyundo. "Wewe? Na hiyo mkono kama jembe?"

"Nimekonda," nikamwambia.

"Kukonda umekonda. Lakini mfupa haikondangi, mzee."

Mkono uliingia. Hilo ndilo lililonidanganya. Ulipita chini ya mhimili wa usukani, ukapita ukingo wa lile bati, vidole vikaigusa plagi. Niliizungusha kwa spana niliyoikata fupi, ikalegea, na nikafurahi kama mjinga. Nilipotaka kuurudisha, ukingo wa bati ulikuwa umeingia chini ya pete. Ilikuwa imelegea kidoleni, nimekonda kweli, kulikuwa na nafasi. Nikavuta. Ukivuta kidole kilichonasa kinavimba, na kikivimba pete inabana, na ikibana unavuta zaidi. Hakuna fundi asiyejua hilo. Nilivuta tu.

Nusu ya kwanza hukuiona, kwa hiyo nikusimulie. Kamau alileta hekso, ule msumeno wa chuma, ikakosa nafasi ya kwenda mbele na nyuma. Akaleta makasi ya bati, hayakufika. Akaanza kupiga boliti ya chini ili tuinue injini, nayo ilikuwa imeshikana na kutu kama kitu kimoja. Kufikia saa ya chakula nilikuwa na watazamaji. Nilikuwa nimelaza shavu juu ya kikinga matope cha gurudumu, naona viatu vyao tu.

"Hii gari imekuoa, Mzee Ouma," Kamau akasema. "Pete iko, imekataa kuachilia. Tuite wazee wapange mahari."

"Mahari ni nani analipa?" mtu akauliza nyuma.

"Gari. Si ndiyo imempenda."

Mama wa mahindi alikuja akanilisha punje moja moja, akanifuta mdomo kwa leso yake kama mtoto, akasema nisiwasikilize. Mzee Gitau naye akafika na suti yake, akalizunguka gari lake. "Nilikuja kuchukua gari," akasema. "Sasa nachukua na fundi?" Alipomwona Kamau ameshika tindo akaongeza, "Afadhali ukate fundi, usikate waya yangu."

Hapo ndipo Kamau alimtuma mtu huku kwetu mtaa wa Lindi akuite. Ulikuja mbio na uzi wa kusukia nywele bado shingoni, umemwacha Mama Boi nusu amesukwa. Hukusalimia mtu. Uliinama ukatazama, ukaniuliza, "Nani alikuambia uingize mkono na pete?"

"Hakuna."

"Hakuna. Haya. Wacha kuvuta. Legeza vidole, baba. Legeza, si vita."

Ukaingiza mkono wako chini ya wangu. Ukafumba macho kama zamani. Nilisikia uzi ukizunguka kidole changu, mviringo kwa mviringo, unabana nyama, unashusha uvimbe, kutoka kwenye kifundo mpaka kwenye pete. Ulikuwa unafanya bila kuona na hukukosea. Ukaomba oili, Kamau akaidondosha. Kisha ukasema, "Sasa vuta. Pole pole."

Sikuvuta.

Hiki ndicho hukukiona. Ulidhani naumia, ukasema tena, "Baba, vuta." Kidole hakikuniuma wakati huo, kilikuwa kimekufa ganzi. Nilijua nikivuta kitatoka, na pete itabaki. Na nikuambie ukweli, Achieng, ambao singeweza kuusema mbele ya watu wale: muda ule wote nimelala pale, watu wakicheka, jua likinipiga mgongoni, kulikuwa na sehemu yangu iliyotulia. Tangu tumzike mama yako nilikuwa naamka, natembea mpaka Kawangware, nafungua, nafunga, narudi, na hakuna kitu kilichonishika. Siku ile kitu kilinishika. Nilifikiri, basi, na nikae hapa.

Ukaniita mara ya tatu, kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini, na sauti ile ilikuwa ya mama yako. Nikavuta. Pete ikaanguka huko ndani, ikagonga chuma mara mbili, ikanyamaza.

Ulitaka kuitafuta ukiwa umelala chini ya gari mpaka giza. Nilikuambia tuondoke. Tukatembea mpaka hapa mlangoni. Ukasema, "Siendi. Ukikwama tena nani atakutoa?" Nami, Mungu anisamehe, kwa dakika moja nilifurahi.

Dakika hiyo ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Leo ulipokwenda hapo mtaa wa Kisumu Ndogo kwa watu wa kwaya, kuwaaga au kuwaambia huendi, sikuuliza, mimi nilirudi kwenye gari la Mzee Gitau. Lile bati la joto limeshikwa na boliti mbili. Hakuna mtu pale uwanjani amewahi kuzifungua, hata mimi, kwa sababu ziko mahali pabaya na zina kutu. Nilikuwa nimezimwagia dizeli jana zilale nayo. Moja ilifunguka. Ya pili ilikatika kichwa, nikaitoboa, kazi ya ovyo, nimejikwaruza mpaka kiwiko. Kamau aliniuliza natafuta pete? Nikamwambia natafuta njia.

Bati lilipotoka, Achieng, mkono wangu ulipita. Huu kama jembe. Ulifika kwenye plagi, ukaitoa ya zamani, ukaishusha mpya kwa mpira, ukarudi nje mzima. Nikauingiza tena bila sababu, kuhakikisha. Ukatoka tena.

Nilikaa juu ya ndoo na lile bati mapajani. Miaka yote ile ingewezekana. Ni asubuhi moja ya kazi mbaya na boliti mpya, basi. Sikuwahi kujaribu kwa sababu mkono wako ulikuwepo, na ulikuwa wepesi, na ulisema umeisikia. Usinielewe vibaya. Sisemi mkono wako haukuwa na maana. Nasema haukuwa mlango pekee. Mimi ndiye niliyeacha kutafuta mwingine.

Kwa hiyo ukifika huko, kuna jambo moja nataka ulishike. Watakuona mwembamba, na kila injini ina mahali pake pembamba. Wataanza kukuita. "Achieng, hebu ingiza mkono hapa." Utaingiza, utaweza, watakusifu, na sifa zao zitakuwa za kweli. Usikatae, kazi ni kazi. Lakini mtu anayefika mahali ambapo wengine hawafiki, wengine humwacha huko huko. Siku nyingine waambie wafungue hicho kinachoziba. Waombe wakupe na wewe injini iliyo mezani, wazi, mbele ya watu, uibomoe na kuijenga. Wakisema wewe ni wa pale nyuma tu, kumbuka shule zilivyokuwa zikifungwa.

Na ukikosea, maana utakosea, usikosee kwa ajili ya haraka ya kwenda nyumbani. Kitu kikiwa moto kiache kipoe. Hilo limenichukua nusu ya maisha na sijalimaliza.

Pete niliitafuta. Nilipitisha sumaku kwanza, kisha nikakumbuka kwamba stenlesi ile haishikwi na sumaku, nikacheka peke yangu. Nikapapasa juu ya giaboksi, kwenye kila pembe. Haikuonekana. Mzee Gitau alikuja kuchukua gari alasiri, akalingurumisha pale mlangoni, akasikiliza, akasema, "Sasa hiyo ndiyo sauti." Sikumwambia. Iko ndani humo mahali fulani, itamsindikiza binti wa mtu kanisani. Mama yako angecheka.

Sitakudanganya kuhusu nyumba hii. Jioni nitafungua mlango na nitasimama pale pale, na mkono wangu utainuka kidogo kabla sijaukumbuka. Ukuta huu wa mabati utakuwa karibu kama ulivyo sasa, nguo za mama yako zitakuwa kwenye msumari ule, na sijui lini nitaweza kuzishusha. Hapo nimekwama kweli. Sijui boliti zake ziko wapi. Lakini uzi wa kusukia haufiki hapo, mwanangu, na mkono wako haufiki, hata ukikaa miaka. Nimejaribu kukufikiria umekaa kwenye kiti hicho unaniangalia kila jioni kama nimekula, kama nimelala, huku mahali pako Kericho pamekaliwa na mtu mwingine. Nyumba haikuwa kubwa zaidi. Tulikuwa tumekwama wawili.

Na yeye, aliyesema mkono wako si spana, ningemwambia nini? Kwamba hata amekufa bado nimeushikilia?

Kamau yupo. Anatukana lakini yupo. Mama wa mahindi yupo. Ukikuta kibanda cha simu kinachofanya kazi huko, piga pale dukani Satellite, wataniita, na kama sikuja haraka ni kwa sababu natembea.

Kesho asubuhi nitakusindikiza mpaka kwenye reli. Hapo wewe utashika njia ya mjini, nami nitashika ya Kawangware, nimekwisha kumwahidi mteja kwamba nitafika mapema. Usisimame kunitazama nikivuka. Mimi nitakuwa nimeanza kutembea, na sitaki kugeuka nikukute bado uko pale.

Baba yako,
Ouma